Uzamili wa Tiba ya Usemi na Lugha Nchini Marekani: Mwongozo kwa Mhitimu wa Afrika Mashariki

Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha humhudumia mtoto mwenye kigugumizi, mtoto mwenye usonji ambaye hajaanza kuzungumza, mzee aliyepotewa na maneno baada ya kiharusi, mwalimu ambaye sauti yake imekwaruza kwa miaka mingi ya kufundisha madarasa makubwa, na hata mgonjwa wa wodini anayepaliwa kila anywapo maji, kwa kuwa viungo vinavyotumika kusema ndivyo vinavyotumika kumeza. Katika Afrika Mashariki wataalamu hawa ni wachache mno kulingana na mahitaji. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya kwanza ya fani hii mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinayo shahada ya kwanza inayounganisha odiolojia (elimu ya usikivu) na tiba ya usemi. Hata hivyo, mtu ambaye tayari ana shahada ya isimu, ualimu, saikolojia au uuguzi, na ambaye hangependa kurudi mwaka wa kwanza, hulazimika kutafuta njia ya uzamili, na njia hiyo imejengeka zaidi Marekani, kwa sababu huko uzamili ndio mlango wa kuingilia katika kazi hii.

Ushauri wangu mkuu ni kwamba mwombaji apange safari yake kuanzia mwisho. Aijue kwanza leseni anayoitaka na mahali atakapoitumia, ndipo arudi nyuma kuchagua chuo. Anayeanza na jina la chuo anaweza kujikuta amelipa ada ya miaka miwili kwa shahada ya utafiti wa lugha na ubongo, shahada nzuri kabisa kitaaluma, lakini isiyompa ruhusa ya kumhudumia mgonjwa hata mmoja.

Hatua ya kwanza: kuujua mlolongo wa cheti na leseni

Mamlaka zinazohusika Marekani ni mbili. Ya kwanza ni American Speech-Language-Hearing Association, chama cha kitaaluma kilichoanzishwa mwaka 1925 na kinachofahamika kwa kifupi kama ASHA, ambacho hutoa cheti cha umahiri kiitwacho CCC-SLP. Ya pili ni jimbo, ambalo hutoa leseni ya kufanya kazi ndani ya mipaka yake. Cheti cha ASHA peke yake hakimruhusu mtu kufanya kazi Texas wala Ohio. Lakini masharti ya majimbo mengi yanakaribiana sana na ya chama hicho, hivyo anayetimiza ya chama huwa ametimiza sehemu kubwa ya yale ya jimbo.

Ili kupata cheti hicho, mwanafunzi humaliza uzamili katika programu yenye ithibati ya baraza la fani hiyo, liitwalo kwa kifupi CAA. Hukamilisha saa 400 za mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi. Hufaulu Praxis, mtihani wa kitaifa wa fani hiyo. Kisha hufanya kazi kwa kipindi cha uanagenzi kiitwacho rasmi Clinical Fellowship. Ithibati ya CAA ndiyo ya kuulizia kabla ya jambo lingine lolote. Chuo kinaweza kuwa na ithibati ya jumla kama chuo kikuu na bado programu yake ya usemi isiwe nayo, na baraza hilo huchapisha orodha ya programu zote zinazotambuliwa, ambayo kila mtu anaweza kuisoma kwenye intaneti bila malipo.

Hatua ya pili: kuziba mapengo ya shahada ya kwanza

Hapa ndipo mhitimu wa Afrika Mashariki anapopaswa kutumia muda mwingi zaidi wa maandalizi. ASHA hudai kila mwombaji wa cheti awe amesoma kozi za msingi katika maeneo manne: biolojia, fizikia au kemia, takwimu, na sayansi ya jamii au ya tabia kama saikolojia na sosholojia. Kozi ya takwimu lazima isimame yenyewe. Kozi ya mbinu za utafiti yenye sura mbili za takwimu ndani yake haihesabiki. Mhitimu wa uuguzi kwa kawaida ana biolojia na kemia, ilhali mhitimu wa Kiswahili au wa isimu mara nyingi hana lolote kati ya hayo isipokuwa sosholojia au saikolojia ya elimu.

Zaidi ya hayo manne, vyuo vyenyewe hudai kozi za utangulizi wa fani: fonetiki, anatomia na fiziolojia ya usemi na usikivu, ukuaji wa lugha ya mtoto, utangulizi wa odiolojia, sayansi ya usemi, na mara nyingi mfumo wa neva. Aliyesoma isimu anaweza kuwa na fonetiki na pengine ukuaji wa lugha. Zilizobaki zinaweza kusomwa kwa njia mbili. Mwombaji anaweza kuzisoma kabla ya kuomba, kupitia vyuo vinavyozifundisha kwa intaneti, kama Chuo Kikuu cha Utah State, ambacho kwa miaka mingi kimewapokea watu wenye shahada za fani nyingine. Au anaweza kuomba programu ndefu inayoanza na kozi hizo za utangulizi, ambayo huchukua takriban miaka mitatu badala ya miwili.

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, mimi ninapendelea njia ya kwanza. Kozi zinazosomwa ukiwa nyumbani hazidai ulipe kodi ya nyumba ya Marekani wala bima ya afya ya huko, na alama nzuri katika kozi hizo ni ushahidi ambao kamati ya udahili inaweza kuusoma kwa urahisi kuliko alama za chuo isichokijua. Muhimu ni kupata jibu la maandishi kutoka kwa kila chuo unachokilenga kwamba kozi fulani, ya chuo fulani, itakubaliwa, na jibu hilo lipatikane kabla ya ada ya kozi kulipwa.

Hatua ya tatu: kuchagua programu

Baada ya ithibati, maswali ya kuuliza ni machache, lakini ni mazito. Je, chuo kina kliniki yake ambamo mwanafunzi huanza kuhudumia watu tangu muhula wa kwanza? Je, chuo ndicho kinachomtafutia mwanafunzi hospitali na shule za mafunzo, au mwanafunzi hujitafutia mwenyewe? Kwa mgeni asiye na gari, asiye na ndugu wala jamaa mjini, swali hili la pili linaweza kuamua kama atamaliza kwa wakati. Yapo pia maswali ya wahitimu: ni wangapi humaliza, wangapi hufaulu Praxis, na wangapi hupata kazi. Programu zenye ithibati hutakiwa kuyachapisha matokeo hayo, kwa hiyo usisite kuyadai.

Programu za intaneti zinavutia, lakini zichunguzwe kwa makini. Viza ya mwanafunzi ya F-1 haitolewi kwa masomo ya mbali pekee, na saa za vitendo zinahitaji msimamizi mwenye cheti cha ASHA, mtu ambaye ni adimu sana Kigoma au Kisumu.

Wapo watakaofaa zaidi Uingereza au Australia. Uingereza ina shahada za uzamili za miaka miwili zinazomwezesha mhitimu wa fani nyingine kusajiliwa na Health and Care Professions Council, na University College London ni mojawapo ya vyuo vinavyofundisha. Kiwango cha Kiingereza kinachotakiwa na msajili huyo kwa wataalamu wa usemi ni cha juu kuliko cha fani nyingi za afya: alama 8.0 za mtihani wa IELTS, bila sehemu yoyote kushuka chini ya 7.5. Tena, ufadhili wa Chevening, ambao vijana wengi wa kwetu huutegemea, hulipia uzamili wa mwaka mmoja tu, kwa hiyo hauzifikii programu hizi za miaka miwili. Australia nako Chuo Kikuu cha Sydney na Chuo Kikuu cha Melbourne hufundisha uzamili wa miaka miwili chini ya ithibati ya Speech Pathology Australia. Kwa anayetaka kubaki barani, Chuo Kikuu cha Ghana kinayo shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha, na ninaona inastahili kutazamwa kwa uzito, hasa na anayekusudia kurudi kufanya kazi katika hospitali zinazofanana na zile atakazofundishiwa.

Hatua ya nne: maombi

Programu nyingi za Marekani hupokea maombi kupitia mfumo mmoja wa pamoja uitwao CSDCAS, na tarehe za mwisho za vyuo vingi huangukia kati ya Desemba na Februari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Nakala rasmi za matokeo ya chuo cha nje hutakiwa kutathminiwa na taasisi inayotambuliwa, kama World Education Services, na kwa kuwa ofisi za wasajili wa vyuo vyetu hazina kasi moja, ni busara kuanza kuzifuatilia miezi sita kabla. Mtihani wa GRE, ule wa jumla wa kuombea uzamili, umeondolewa na programu nyingi, ila si zote. Barua za wahadhiri ziwe za watu waliokufundisha na wanaoweza kueleza kazi yako. Barua ya mkubwa wa ofisi aliyeombwa kwa heshima ya cheo chake haina uzito.

Maelezo binafsi ndiyo mahali ambapo mzungumzaji wa Kiswahili ana kitu ambacho waombaji wengi hawana, na wengi hukiacha bila kukitaja. Kamati imekwisha kusoma mamia ya barua zinazosema kwamba mwombaji anapenda kusaidia watoto. Eleza badala yake jambo la kitaalamu unalolifahamu kwa kuwa umeliishi. Familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili wamepelekwa kuishi katika majimbo kama Kentucky, Ohio, Iowa na Texas, na watoto wao hufanyiwa vipimo vilivyotungwa kwa watoto wanaokua na Kiingereza. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto anayeongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza hana tatizo la matamshi. Anafuata kanuni ya lugha yake ya kwanza. Anayebadilisha r na l kwa sababu lugha ya mama yake haitofautishi sauti hizo hana ugonjwa. Mtoto wa Lubumbashi au wa Nairobi anayesema “kitabu yangu” anazungumza kama watu wazima wanaomzunguka, lakini mtoto wa Unguja wa miaka saba ambaye upatanisho wa ngeli umemshinda kabisa, ilhali wadogo zake wanaumudu, anahitaji kuchunguzwa. Mwombaji anayeweza kuieleza tofauti hiyo kati ya lahaja na kasoro, kwa mifano yake mwenyewe, ameonyesha kwamba anafikiri kama mtaalamu.

Kama umewahi kuona jinsi jamii zetu zinavyolishughulikia tatizo la usemi, andika pia hilo, kwa heshima. Mtoto anapochelewa kuzungumza, wapo wanaoshauri akatwe udata au kimeo. Wapo wanaosema atazungumza tu, baba yake naye alichelewa. Uzoefu wa kukaa na mama aliyepewa ushauri wa namna hiyo, na kujua namna ya kumwelewesha bila kumtweza, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Hatua ya tano: fedha, viza na afya

Ada hutofautiana sana baina ya vyuo, na mwanafunzi wa kigeni katika chuo cha umma kwa kawaida hutozwa kiwango cha wasio wakazi wa jimbo. Kabla ya chuo kutoa fomu ya I-20, ambayo ndiyo msingi wa viza ya F-1, mwombaji huonyesha kwamba ana fedha za mwaka wa kwanza. Ulizia nafasi za usaidizi wa ufundishaji au utafiti, ambazo wakati mwingine hupunguza ada, lakini usizijengee hesabu zote: kazi ya ndani ya chuo hairuhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na ratiba ya kliniki huacha nafasi ndogo. Upande wa mapato, takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha mshahara wa kati wa fani hii kuwa dola 89,290 kwa mwaka. Kiasi hicho kinafaa kumsaidia mtu kupima mkopo anaoweza kuubeba, ila anayepanga kurudi nyumbani asikitumie kamwe katika hesabu hiyo.

Hospitali na shule za mafunzo hudai alama za vidole, taarifa ya polisi, rekodi za chanjo na kipimo cha kifua kikuu. Jambo la mwisho linawahusu sana watu wa kwetu. Waliochanjwa BCG utotoni wanaweza kupata jibu chanya katika kipimo cha ngozi bila kuwa na maambukizi, na wakajikuta wakicheleweshwa kwa ajili ya picha za kifua. Omba tangu mwanzo upimwe kwa damu, kwa kuwa kipimo hicho hakiathiriwi na chanjo hiyo, na safiri ukiwa na kadi yako ya kliniki kama bado ipo.

Hatua ya sita: saa za vitendo

Saa 400 zimegawanywa: 25 ni za kutazama wataalamu wakifanya kazi, na 375 ni za kumhudumia mtu moja kwa moja, ambazo 325 kati yake lazima zifanywe wakati wa uzamili. Saa za kuigiza kwa programu za kompyuta zinaruhusiwa, lakini zisizidi 75. Msimamizi hutakiwa kuwapo kwa angalau robo ya muda wote ambao mwanafunzi anakaa na kila mteja. Kuandika ripoti, kuandaa vifaa na kusafiri hakuhesabiki, na ndiyo sababu saa hizo, ambazo kwenye karatasi huonekana chache, hujaza miezi mingi.

Mwanafunzi huoneshwa maeneo tisa ya kazi: matamshi, ufasaha wa usemi, sauti, lugha ya kuelewa na ya kueleza, usikivu, kumeza, uwezo wa utambuzi, mawasiliano ya kijamii, na njia mbadala za mawasiliano kama mbao za picha na vifaa vya kielektroniki vinavyotamka. Watu wengi huingia wakipenda watoto na kuogopa kumeza. Namshauri anayekusudia kurudi Afrika Mashariki asilikwepe eneo la kumeza, wala lile la mdomo wa sungura na kaakaa lililopasuka, wala la mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeshindwa kulishwa bila kupaliwa. Katika hospitali yenye mtaalamu mmoja, hao wote watakuwa wagonjwa wake siku ya kwanza, na kosa katika kumeza huweza kupeleka chakula mapafuni na kuleta nimonia inayoua.

Mafunzo ya nje ya chuo huhitaji idhini chini ya masharti ya viza. Idhini ya mafunzo ya kimtaala ikitumika kwa muda kamili miezi 12 au zaidi, mwanafunzi hupoteza haki ya kibali cha kazi cha baada ya masomo. Hesabu hiyo ifanywe pamoja na ofisi ya wanafunzi wa kigeni mwanzoni mwa kila muhula.

Hatua ya saba: Praxis na mwaka wa uanagenzi

Mtihani wa Praxis wa fani hii una namba 5331, na alama ya kufaulu inayotambuliwa na ASHA ni 162 katika kipimo cha 100 hadi 200. Ni vema kuufanya katika muhula wa mwisho, masomo yakiwa bado yapo kichwani.

Baada ya kuhitimu huja Clinical Fellowship: saa 1,260 za kazi kwa muda usiopungua wiki 36, iwapo mtu anafanya kazi saa 35 kwa wiki, chini ya mlezi mwenye cheti. Asilimia 80 ya muda huo iwe kazi ya moja kwa moja na wateja, ikiwamo kuwapima, kuwatibu, kushauri familia na kuandika kumbukumbu. Kibali cha kazi cha baada ya masomo, kiitwacho OPT, kinachotolewa kwa mwenye F-1 hudumu miezi 12, kwa hiyo wiki 36 zinaingia ndani yake, ila si kwa nafasi kubwa. Maombi ya OPT huruhusiwa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo hadi siku 60 baada yake, na asiye na kazi kwa jumla ya zaidi ya siku 90 ndani ya miezi ya OPT huvunja masharti ya viza. Majimbo mengi hudai leseni ya muda kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na utoaji wake unaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo utafutaji wa mwajiri na maombi ya leseni na ya OPT yaende sambamba, yakianza mapema katika muhula wa mwisho. Mwajiri aulizwe wazi, na ajibu kwa maandishi, nani atakuwa mlezi na atakuja mara ngapi. Shule au kituo kinachohitaji sana mfanyakazi kinaweza kuahidi mlezi ambaye hayupo.

Anayetaka kubaki baada ya hapo kwa viza ya kazi ajue kwamba wataalamu wa usemi wamo katika orodha ya kada za afya ambazo sheria ya uhamiaji inazitaka ziwe na cheti maalumu cha uhakiki, hata kwa aliyesomea Marekani.

Hatua ya nane: nyaraka za kurudi nazo

Anayerudi nyumbani atatakiwa shahada yake itambuliwe, na Tanzania kazi hiyo hufanywa na Tume ya Vyuo Vikuu, Uganda na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kwa kuwa fani hii bado ni changa kwetu, afisa anayeipokea faili anaweza kuwa hajawahi kuona shahada ya namna hiyo, na jina lake peke yake halitamweleza lolote. Chukua basi silabasi ya kila kozi, jedwali la saa za vitendo lililotiwa saini likionyesha maeneo na umri wa wateja, barua ya mkuu wa programu inayoeleza kwamba uzamili huo ndio sifa ya kuingilia kazini nchini Marekani, na uthibitisho wa ithibati ya CAA. Saini za jedwali la saa zitafutwe mwishoni mwa kila muhula, kwa sababu wasimamizi wa hospitali na shule huhama, na ni vigumu kumpata aliyehama ukiwa tayari uko upande wa pili wa bahari.